Cholmondeley: Jina la Ukoo Lenye Herufi 12 na Silabi Mbili

Anayekutana kwa mara ya kwanza na jina la ukoo Cholmondeley hujaribu kulisoma herufi kwa herufi, ilhali wenyewe hutamka "Chamli" tu.

Jina hilo lilitokana na mahali. Katika jimbo la Cheshire, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kipo kijiji cha Cholmondeley, ambacho katika Domesday Book, daftari la ardhi la mwaka 1086, kiliandikwa Calmundelei. Sehemu ya kwanza ni Ceolmund, jina la mwanamume lililoundwa kwa maneno ya Kiingereza cha kale yenye maana ya merikebu na ulinzi. Ya pili ni leah, yaani mahali palipo wazi katikati ya msitu, neno lililojificha pia katika jina Stanley. Waliomiliki ardhi hiyo waliitwa watu wa Cholmondeley, kama nisba ya Shirazi inavyoelekeza Shiraz, na wana wao wakalirithi jina.

Kwa kuwa mkazo uliangukia silabi ya kwanza, silabi za katikati zilimezwa taratibu, na sauti ya "l" iliyo mbele ya "m" ikanyamaza. Kiswahili nacho kilimeza irabu, "muti" ukawa "mti", lakini sisi tuliandika kilichobaki mdomoni, ilhali tawi kuu la ukoo huu lilishikilia tahajia ya kale. Matawi mengine hayakufanya hivyo: huko Whitby waliandika Cholmley, jaji Sir Roger Cholmeley, aliyeanzisha Shule ya Highgate jijini London mwaka 1565, anajulikana kwa tahajia yake, na wapo wanaoandika Chumley. Ndiyo maana tunamsihi kila anayechunguza nasaba asiishie kwenye tahajia moja, kwa sababu makarani wa zamani waliandika walichosikia.

Kwa wasomaji wa Kenya, jina hili liko karibu kuliko linavyodhaniwa. Lord Delamere, mlowezi aliyepewa na serikali ya kikoloni mwaka 1903 ukodishaji wa miaka 99 wa ekari 100,000 huko Njoro, na ambaye barabara ya Nairobi iitwayo leo Kenyatta Avenue ilibeba jina lake, aliitwa Hugh Cholmondeley (1870–1931). Delamere ni cheo, kilichotolewa kwa familia yake mwaka 1821, na ni jina la msitu ulioko Cheshire hiyohiyo. Anayefuatilia historia ya ardhi ya Bonde la Ufa, jambo zito kwa familia nyingi hadi leo, hana budi kuyatafuta majina yote mawili.

Tena Cholmondeley inapakana na kijiji kidogo kiitwacho Egerton, jina la ukoo wa Lord Egerton, aliyeanzisha mwaka 1939 shule ya kilimo ambayo sasa ni Chuo Kikuu cha Egerton, nacho kiko Njoro.