Andy Alilivua Jaketi, Basi Funzo la "Wacheni Magenge" Limetoka Wapi?

Nimemaliza kusahihisha insha za hadithi ya On the Sidewalk Bleeding, na sentensi ni ile ile, karatasi baada ya karatasi: mwandishi anawafunza vijana wasijiunge na magenge kwa sababu mwisho wake ni kifo. Wanafunzi hawana kosa. Sentensi hiyo wamepewa na walimu, walimu wameitoa kwenye miongozo, na juzi mwalimu mwenzangu hapa Malindi aliitetea mbele yangu, akaniuliza hadithi ya magenge ina funzo gani jingine. Kengele ilitukatiza pale chumba cha walimu, kwa hivyo jibu langu naliweka hapa.

Kwa asiyeijua, hadithi ni ya Evan Hunter na ilitoka 1957. Andy, mvulana wa miaka 16, ametoka kwenye dansi kwenda kununua sigara. Kijana wa genge la Guardians anamchoma kisu kichochoroni, na mvua inanyesha. Andy amevaa jaketi la hariri, rangi ya zambarau, mgongoni limeandikwa THE ROYALS, jina la genge lake, na kifuani, juu ya moyo, jina lake limetariziwa kwa uzi mweusi. Anapita mlevi. Wanapita wapenzi wawili. Anapita bibi mzee. Andy anajikokota, analivua jaketi, anakufa. Laura, mpenzi wake, anamkuta, kisha anakuja polisi. Kurasa ni chache, na mwalimu yeyote anaweza kuimaliza kwa kipindi kimoja cha dakika 40. Ndiyo maana inaharibiwa: inasomwa mara moja, funzo linachomolewa, daftari linafungwa.

Sasa turudi kwenye tendo lake la mwisho. Andy amelivua jaketi. Kwa nguvu zote zilizombakia, huku damu inamtoka, amefanya kile kile ambacho funzo lenu linamtaka kijana afanye. Ameliacha genge. Je, imemfaa nini? Polisi anakuja, anamwangalia, anasema huyu ni Royal. Laura anamwambia jina lake ni Andy. Polisi anashikilia Royal. Kama Hunter angetaka kutuambia "wacheni magenge mtapona", angemfanya mgeni mmoja tu, hata mmoja, amtambue Andy baada ya kulivua. Hakufanya hivyo. Funzo mnalolisahihishia alama linapingwa na mwisho wa hadithi yenyewe, na bado tunaliandika ubaoni.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi lile jaketi linavyofundishwa. Mwanafunzi anaandika "jaketi ni taashira ya genge", yaani ishara yake, anapigiwa tiki, basi. Jaketi lina pande mbili! Mgongoni kuna maandishi makubwa ya kusomwa na mtu aliye mbali au anayekujia kwa nyuma. Kifuani kuna jina dogo la kusomwa na mtu aliyekukaribia uso kwa uso. Mwandishi hakuliweka jina pale kwa bahati. Jaketi lile lile ndilo linalombeba Royal na ndilo linalombeba Andy, na anapolivua anavua yote mawili. Mwanafunzi asiyeliona hili hajaisoma taashira, amekariri tu.

Njia yangu ni kuwaambia wanafunzi wachore jedwali la nani anamwita nani. Tunaanza na msimulizi, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kutupotosha. Sentensi za mwanzo zinasema mvulana, kisha umri, kisha jaketi, kisha maandishi ya mgongoni, na ndipo tunapata jina. Yaani msimulizi anatuleta kwenye mwili ule kama mpita njia yeyote: tunaona mgongo kabla ya kifua. Halafu mchomaji: alipomdunga kisu alimwita Royal. Hakuwa na ugomvi na Andy, na Andy mwenyewe analitambua hilo akiwa amelala pale, kwamba kisu kilikuwa cha Royal yeyote. Kisha Freddie, yule kijana aliyeingia kichochoroni na mpenzi wake Angela kujikinga mvua: anaona jaketi, anamwambia Angela ni Royal. Kisha polisi. Jedwali likijaa, darasa lenyewe linaona kwamba adui aliyemuua na askari aliyekuja kuandika taarifa wamemwita kwa jina moja. Hapo sihitaji kusema neno. Laura peke yake yuko upande wa pili.

Kwa wale wanaokaa nyuma na kulala, naleta reflekta ya mwendesha boda, iliyochakaa, yenye jina la steji mgongoni. Namvalisha mwanafunzi mmoja, anatembea hadi mlangoni huku amewapa wengine mgongo, na ninawauliza ni nani yule. Wote wanataja steji. Kisha namwandikia jina lake kwa kalamu ya wino mfukoni kifuani, herufi za kawaida tu, na ninawauliza walio dawati la mwisho wanasoma nini. Hawasomi kitu. Mara moja msichana alisema kwamba yeye humjua kakake kwa namba ya pikipiki kabla ya kumjua kwa uso. Somo lilikuwa limeshaingia.

Kuna jambo ambalo walimu wengi hulipita kwa woga, nalo ni kwamba Andy alilipenda lile jaketi. Alijivunia kuwa Royal. Mwalimu akiuficha utamu huo, wanafunzi wanajua anawadanganya, kwa sababu wao wanaujua utamu wa kuwa wa maskani fulani, kuitwa na wenzako, kutembea wengi barabarani ukapishwa njia. Mtoto wa miaka 16 hapa Kenya hana hata kitambulisho, hadi afike 18. Kadi ya serikali inayosema wewe ni fulani bin fulani bado haijatoka. Akitokea mtu wa kumpa jina la kuvaa mgongoni, na jina lenyewe likawa la kutisha na la kupendeza, kwa nini asilivae? Swali hili lazima lijibiwe darasani kwanza, ndipo tuzungumzie kifo. Bila hilo tunamfanya Andy mjinga, na mtoto aliye mbele yetu hatajiona ndani yake.

Wapita njia nao wanaonewa. Insha zote zinasema "ukosefu wa utu katika jamii" na kuwaweka kapu moja. Someni! Mlevi anadhani amekutana na mlevi mwenzake. Bibi anapekua mapipa ya taka na masikio yake ni mazito, hasikii. Wawili hao hawakujua. Freddie na Angela ndio waliojua na wakachagua kuondoka, na hata wao walikuwa na hoja: wakimsaidia Royal, Guardians watawageukia. Wakati wa somo nauliza ungefanya nini ukimkuta kijana amelala kichochoroni usiku, damu imelowa shati, na unajua kundi lake ni lipi na waliomfanyia ni kina nani. Majibu ya kishujaa hutoka kwanza. Ukisubiri, yanakuja ya kweli: utaulizwa umemjuaje, utaandikisha taarifa kituoni, kuna fomu ya P3, ile ya polisi ya kujazwa na daktari kuhusu majeraha, kuna kuitwa kortini kuwa shahidi huku waliomchoma wanaijua nyumba yenu. Mwanafunzi akifika hapo ameielewa hofu ya Freddie, na ndipo anaweza kumhukumu akitaka. Kumhukumu kabla ya hapo ni rahisi mno.

Mbinu nyingine, mvua, usiku, kisengere nyuma (kurudi kwenye yaliyopita), taharuki: zipo, ziko wazi, wanafunzi waziandike.

Kuhusu mwandishi, dakika mbili zinatosha, lakini hapa Malindi sizikosi. Evan Hunter alizaliwa New York mwaka 1926 kwa jina Salvatore Lombino, akalibadilisha kisheria 1952. Wanafunzi wangu waliokulia mji huu wenye Waitaliano kila kona hushtuka, wanalijua jina la Salvatore kuliko wanavyolijua la Evan. Aliwahi kufundisha kwa muda mfupi shule ya ufundi huko Bronx, na riwaya yake ya The Blackboard Jungle ya 1954 ilitokana na kazi hiyo. Nawaambia wayajue hayo na wasiyaandike kwenye mtihani. Mtu aliyeliacha jina lake na mvulana aliyetaka kubakia na lake tu, ni jambo la kufikiria, lakini si ushahidi wa kitu.

Wazazi nao wapo wanaosema hadithi hizi zinawafundisha watoto ujambazi. Sitakaa hapo. Hakuna mtoto wa Pwani aliyesubiri kitabu cha Kiingereza kujua panga ni nini. Habari za vijana wa panga wa Kisauni kule Mombasa wamezisikia redioni tangu wako shule ya msingi, na mwishoni mwa 2016 serikali iliharamisha makundi 90 kwa mkupuo mmoja, chini ya ile sheria ya 2010 ya kuzuia uhalifu wa kupangwa. Orodha kama hiyo ni lazima iwe ya majina ya makundi, sheria haiwezi kufanya vingine. Ila habari ya gazeti ikisema "vijana wa panga wauawa" na isiseme aliyekufa aliitwaje wala alikuwa na umri gani, nailetea darasa na kuuliza hapa tumesoma upande upi wa jaketi. Hicho ndicho hadithi inachofundisha, ikiwa ni lazima ifundishe: kusoma kifua.

Sasa kuna jambo ambalo miongozo hailigusi na mimi sijalimaliza. Miongozo inasema Andy "amekomaa kimawazo" kabla ya kufa. Mwaka mmoja mvulana wa kidato cha tatu, mkimya, akaniambia: "Mwalimu, huyu anaogopa tu. Angepona, kesho angelivaa tena." Darasa likagawanyika na mimi nikagawanyika nalo. Kuna siku nasoma zile kurasa za mwisho na kumwamini Andy kabisa. Kuna siku naona mkono wa Hunter umemsukuma, mtoto anayekufa amepewa mawazo yaliyopangwa vizuri kupita kiasi, kama mtu anayeandika insha. Nikiegemea kwa yule mvulana, hadithi inakuwa chungu zaidi, maana hata lile tendo la kulivua huenda lilikuwa la maumivu na si la uamuzi. Nikiegemea kwa Andy, polisi ndiye mwenye deni lote. Sasa nawapa wanafunzi pande zote mbili na wanajadili kwa hoja za matini, na anayetetea upande wowote vizuri anapata alama zake kamili. Mwenzangu wa chumba cha walimu anaona huko ni kuwachanganya. Mimi naona kuwachanganya ni kuwapa jibu moja la uongo.

Tafadhali pia, walimu wenzangu, acheni kuuliza darasani "nani hapa ana ndugu kwenye kundi?" Nimesikia linaulizwa, tena kwa nia njema. Darasa lina masikio, mtaa ni mdogo, na mtoto atakayejibu atalibeba jibu lake hadi nyumbani. Ninachofanya ni kuwapa dakika kumi waandike aya moja: watu wasiokujua wanakuita nini kabla hujafungua mdomo, na ungependa waanze na nini? Siikusanyi karatasi, haisomwi kwa sauti, na sipiti kati ya madawati kuchungulia. Anayetaka nimsomee hunifuata baada ya kipindi. Wengine hawaji, na sina haki ya kuwafuata.