Je, wajua kwa nini Linux huweza kupuuza mstari wa pili wa fstab?

Mafundi wa kompyuta wa Kondele, Kisumu, wamezoea kung'oa diski ya kuzunguka kwenye kipakatalishi cha mtumba na kuweka SSD, na wapo wateja wanaotaka humo iwekwe mfumo endeshi wa Linux. Kinachofuata ni faili ya /etc/fstab, inayoieleza kompyuta kila sehemu ya diski ipachikwe wapi na kwa masharti (machaguo) gani. Je, masharti mawili yakipingana, lipi hufuatwa?

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba la mwisho hushinda. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu halifi. Katika mstari mmoja, ukiandika discard,nodiscard (la kwanza huagiza SSD iarifiwe nafasi zilizoachwa wazi, la pili hukataza), lile la pili ndilo litakalofuatwa, na hata mwongozo wa mount, amri ya kupachika, unasema kwamba kwa kawaida chaguo la mwisho ndilo hushinda. Mtu hulijaribu hilo mara moja, akaona limekubali, kisha akachukulia kwamba mstari wa chini nao hutengua ule wa juu. Hapo ndipo anapopotea.

Tuchukue Fedora Workstation, mojawapo ya aina za Linux, ambayo tangu toleo la 33 la mwaka 2020 hutumia mfumo wa faili uitwao Btrfs. Humo, / (mzizi wa mfumo) na /home (mahali pa faili za watumiaji) ni sehemu ndogo mbili za mfumo mmoja wa faili, kwa hiyo fstab huwa na mistari miwili yenye UUID, yaani namba ya utambulisho, ile ile. Tuseme mstari wa / una noatime,compress=zstd:1, na ule wa /home una relatime,compress=lzo. Noatime huzuia kuandikwa kwa muda faili iliposomwa, relatime huuandika mara chache, na compress hutaja mbinu ya kubana data, hapa zstd au lzo. Baada ya kuwasha mashine, data mpya itabanwa kwa zstd kotekote, na lzo haitaonekana popote wala hakutatolewa onyo. Hata hivyo, noatime itafanya kazi kwenye / na relatime kwenye /home, kila moja mahali pake. Kwa hiyo katika chaguo moja mstari wa kwanza umeshinda, na katika jingine hapakuwa na shindano hata kidogo.

Sababu ni kwamba machaguo hayo, ingawa huandikwa pamoja na kutenganishwa kwa koma tu, hukaa mahali pawili tofauti. Fikiria ploti ya kupanga yenye tangi moja la maji juu ya paa. Kila mpangaji ana mlango wake, na anaweza kuweka kufuli analotaka bila kumgusa jirani. Tangi, kwa upande mwingine, hujazwa na kuwekewa dawa mara moja kwa ploti nzima. Mpangaji anayehamia baadaye hulikuta tayari, na akitaka dawa nyingine ya maji kwa ajili ya chumba chake peke yake, hakuna bomba la kumpelekea. Noatime na relatime ni kufuli za mlango, kwa kuwa kerneli, kiini cha Linux, huzihifadhi kwa kila mahali pa kupachikia. Compress na discard ni mambo ya tangi: huhifadhiwa kwenye superbloku, rekodi kuu ya mfumo wa faili, ambayo ni moja kwa mfumo mzima wa faili. Upachikaji wa pili haujengi superbloku mpya, bali hutumia ile iliyokwisha kuwepo. Watunzaji wa Btrfs wenyewe wanaeleza kwamba hali hii inatokana na jambo ambalo bado halijatekelezwa, na kwamba huenda ikabadilika.

Asiyeamini asome /proc/self/mountinfo, faili inayoorodhesha yote yaliyopachikwa. Kila mstari una kistari kimoja kilichosimama peke yake: machaguo ya mlango yako kabla yake, na ya superbloku yako mwishoni kabisa. Katika mfano wetu, noatime na relatime zitatofautiana upande wa kushoto, huku compress=zstd:1 ikijirudia kulia katika mistari yote miwili. Chaguo la ro, la kusoma tu, lina ukaidi wake, kwani linaweza kuonekana pande zote mbili.

Mengine yanayodhaniwa kupingana hayapingani. Kuandika nodiratime, inayohusu saraka (folda) pekee, baada ya noatime ni kurudia tu, kwa sababu noatime tayari inahusu saraka pia. Discard pamoja na fstrim.timer, inayoiarifu SSD mara moja kwa wiki ni nafasi zipi zimeachwa wazi, ni kazi moja iliyofanywa mara mbili. Na chaguo la ssd la Btrfs, licha ya jina lake, haliwashi TRIM, yaani kuiarifu SSD huko.

Anayetaka saraka moja ndani ya /home ibanwe kwa lzo aiache fstab na atumie amri ya btrfs property set kwenye saraka hiyo. Sifa hiyo itarithiwa na faili zitakazoundwa humo baadaye. Data iliyokwisha kuandikwa itabaki ilivyo mpaka iandikwe upya.