Nani ataimba mara ya pili?

Kabla sijapanga tarehe ya onesho hapa Kigoma, naangalia mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakolea, taa hazina kazi tena na mitumbwi inapumzika mwaloni. Ukitangaza onesho siku za giza, wanaume unaowataka wako ziwani, na kina mama wa Kibirizi wamelala mapema ili wawahi mzigo alfajiri. Haya niliyajua baada ya kuadhirika. Onesho letu la kwanza lilihudhuriwa na wanakwaya wenyewe, ndugu waliowasindikiza, na mlinzi wa ukumbi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya. Kazi yangu ya pili, ambayo haina mshahara, ni kuwatafutia watunzi walio hai watu wa kuimba na kupiga kazi zao. Nasema walio hai kwa makusudi. Waliokufa wana watetezi wa kutosha; Handel hajambo kabisa, kila Pasaka Haleluya yake inatikisa mabati. Mwenye shida ni yule kijana wa Mwanga, hapahapa mjini, anayefundisha hisabati mchana na kuandika nota usiku.

Na shida yake si kuimbwa mara ya kwanza. Padre akitimiza miaka 25 ya upadre, au kigango kikipandishwa kuwa parokia, wimbo mpya utaagizwa, kwaya itakesha mazoezini, vitenge vitashonwa, na wimbo utaimbwa kwa nguvu zote. Jumatatu karatasi zinaingia kabatini. Siku moja nilikaa chini nikalipekua kabati la kwaya yetu. Nilikuta nyimbo chungu nzima zilizoimbwa siku moja tu tangu ziandikwe, nyingine nzuri mpaka nikaona aibu. Mmoja ulikuwa wangu.

Wazee wetu walikuwa na vita nyingine. Mwaka 1963, mwaka uleule Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipotoa hati yake juu ya Liturujia, yaani ibada ya Kanisa, Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Swali la enzi hizo lilikuwa kama ngoma na mahadhi yetu yana haki ya kuingia kanisani. Leo yameingia, yanakaa kiti cha mbele. Sisi tumebaki na swali dogo lakini sugu: wimbo huu ukishaimbwa, nani ataimba mara ya pili?

Sababu ya kutorudiwa mara nyingi ni ya kijinga. Nota ziko kwenye simu ya mtu mmoja, na simu imeanguka chooni. Au ziko kwenye kompyuta, katika programu ya kuandikia nota iitwayo Finale, ambayo watunzi wengi ninaowajua waliizoea kuliko kitu kingine chochote. Agosti 2024 watengenezaji wake walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Tangu hapo nimekuwa kama mtu wa kuhamisha familia kabla ya mafuriko, nawasumbua watu wahamishie kazi zao kwenye MuseScore, programu nyingine ya nota ambayo ni ya bure, na watoe nakala za karatasi. Karatasi hailiwi na virusi. Inaliwa na mchwa, lakini mchwa unawaona wakija.

Sababu ya pili ni nzito zaidi: wimbo ulioandikiwa kwaya moja ni wa kwaya hiyo. Kwaya jirani haiugusi. Ni kama kuvaa sare ya watu.

Hapo ndipo nilipoanza kutazama wenzetu wa mbali wanafanyaje. Kundi la wapiga ala za nyuzi la Kronos, la San Francisco, lilianzisha mwaka 2015 mradi wa kuagiza kazi 50 mpya, nusu kutoka kwa watunzi wanawake na nusu wanaume, kisha likaziweka nota na rekodi zake kwenye intaneti bure ili makundi ya vijana popote pale yazipige. Wangeweza kuzifungia ziwe zao peke yao. Walijua kwamba kazi isiyopigwa na wengine haina maisha. Kundi hilohilo mwaka 1992 lilitoa albamu ya kazi za watunzi wa Afrika, na miongoni mwao alikuwemo jirani yetu wa Uganda, Justinian Tamusuza.

Lakini kilichonipa njia hasa ni kazi ya mwaka 1964 ya Mmarekani Terry Riley, inayoitwa In C. Ina vipande vifupi 53, vyote vinaenea kwenye karatasi moja. Haisemi ipigwe kwa chombo gani wala na watu wangapi. Kila mpigaji anarudia kipande anavyotaka, kisha anaingia kinachofuata, huku akisikiliza wenzake asiwaache mbali wala asiachwe. Wanamuziki wa Bamako walikwisha kuipiga kwa kora na balafoni, ala zao za jadi, na ukiisikia utadhani iliandikiwa Mali. Mtu aliyekulia kwenye ngoma hahitaji kuelezwa sana. Kurudia mpaka utosheke, kusikilizana, kuhama pamoja: hiyo ni harusi ya kawaida.

Basi tukaiga sheria, tukaacha muziki wake. Nilimwomba kijana wa Mwanga na dada mmoja mtunzi kutoka Tabora waandike vipande 21, kila kimoja kisizidi pumzi mbili, kwa ajili ya watu hawa: kwaya mbili za madhehebu tofauti, wapiga ngoma wanne wa Kiha, mzee mpiga zeze, na wavuvi sita. Wavuvi hawakuwekwa kwa urembo. Wakati wa kuvuta wavu kuna mwito: mmoja anapandisha sauti, wengine wanashuka naye pamoja na kamba. Tulikwenda mwaloni jioni tatu mfululizo, tukakaa pembezoni mwa mitumbwi yao iliyoungwa miwili miwili, tukausikiliza. Kipande cha saba kimetoka pale, na kwenye karatasi ya solfa, yaani nota za herufi za do, re, mi, kinaonekana kitu kidogo sana: s l s m, kisha kimya cha mapigo mawili. Kimya kile ndicho chenye kazi, kwa sababu ndipo mikono inaposhika kamba upya. Mtunzi alikiandika kama pigo moja, wavuvi wakakataa. Walisema ukivuta hivyo unaanguka majini.

Nota zote tuliziandika kwa namna mbili, za mistari na za solfa, maana waimbaji wetu wengi wanasoma solfa tu. Hili si la kuonea haya. Mtunzi asiyetoa solfa anajifungia mlango mwenyewe.

Sasa nije kwenye zeze, maana ndilo lililotutoa jasho. Lile la mzee lina uzi mmoja, kibuyu, na ngozi ya kenge iliyowambwa. Siku ya kwanza mpiga kinanda wetu alimwomba mzee afuate kinanda. Mzee akapiga, kinanda kikapiga, na chumba kizima kikakunja uso. Ile mi, sauti ya tatu ya do, re, mi, ya mzee ilikuwa chini kidogo ya mi ya kinanda, si sana, kama upana wa unywele, ila ukishaisikia huwezi kuisahau. Mpiga kinanda akanong'ona kwamba mzee hajatengeneza uzi. Mzee, ambaye masikio yake ni mazima, akajibu, "Mwanangu, huyo wako ndiye aliyepanda."

Na kweli. Kinanda kimegawa oktava, yaani kutoka do mpaka do ya juu yake, katika hatua 12 zilizolingana ili kiweze kuhama ufunguo, yaani kupandisha au kushusha wimbo mzima, bila kusumbuka, na kwa kulingana huko mi yake imepanda juu kuliko ile ambayo koo la binadamu huitafuta likiachwa lenyewe. Waimbaji wasipokuwa na kinanda hushuka wenyewe taratibu kuelekea huko. Tulichofanya ni kukifunga kinanda kwa shuka. Kwaya ikachukua sauti kutoka kwenye zeze. Mazoezi mawili yalikuwa vurugu tupu, sauti ya pili wakilalamika kwamba wamepotea. La tatu, walipofika kipande cha kumi na mbili, ile mi ikakaa mahali pake na ukumbi ukawa kama umepanuliwa kuta. Soprano mmoja aliacha kuimba akaanza kucheka. Nimefundisha kwaya miaka mingi, na sauti ile sikuwa nimewahi kuitoa kwa watu wangu, kwa sababu kila mara nilikuwa nawapa kinanda kwanza.

Kuhusu fedha nitasema machache, ingawa ndiko miradi mingi inakofia. Kabla ya zoezi la kwanza tuliandika karatasi: nani kaleta nini, nani atalipwa kiasi gani, jina la nani litaandikwa wapi. Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi tangu anapoitunga kazi yake, na haki inadumu miaka 50 baada ya kifo chake. Hiyo haitoshi kama hamjakubaliana ni nani mtunzi. Mzee alitoa vipande vinne, hivyo ni mtunzi mwenza, si "mpiga ala za asili". Kuna watu wanaona hilo ni kuzidisha. Mimi naona bila hilo tunakuwa wachuuzi wa mali ya mzee.

Tulifanya onesho usiku wa mbalamwezi, mwaloni, bila jukwaa. Watu walikuja. Betri ya sola iliisha katikati, vipaza sauti vikazima, na hakuna aliyejali kwa sababu waimbaji walikuwa wametawanyika katikati ya watu. Kilichoniuma ni kingine. Mshereheshaji tuliyeletewa na mfadhili alimshukuru kila mtu, hadi mwenye viti vya kukodi, ila watunzi hakuwataja. Dada wa Tabora alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwake. Siku hizi sitegemei mshereheshaji. Kipande cha kwanza hakianzi mpaka mwimbaji mmoja atamke majina ya watunzi, kwa sauti, kama sehemu ya wimbo wenyewe.

Wiki tatu baadaye nilipigiwa na mwalimu wa kwaya wa Kasulu. Muumini wake mmoja alikuwa amekuja Kigoma kuuza maharage, akarekodi dakika chache kwa simu. Wanataka nota. Nilimtumia solfa siku hiyohiyo, na sharti la majina. Akarudi na swali: hawana zeze, wana ngoma mbili na kinanda, je, kinanda kinaruhusiwa?

Nikampelekea mzee swali. Alifikiri muda, akasema wapige, ila kwenye vipande vyake vinne mi isiguswe: kinanda kikifika hapo kinyamaze, waimbaji waitafute wenyewe. Dada wa Tabora ameshaandika nakala mpya yenye vimya hivyo. Kasulu wanaimba mwezi ujao. Huko hakuna mitumbwi, kwa hiyo tarehe wamechagua wenyewe.