Kabla ya Kuuza Kompyuta kwa Mnunuzi wa Vyuma Chakavu, Ijaribu kwa Linux

Kompyuta kumi na nne zilikuwa zimerundikwa nyuma ya maktaba, zimefunikwa turubai, zikimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Shule ile iko nje kidogo ya jiji la Arua, Uganda. Mwalimu mkuu alinipokea vizuri, akaniambia, "Hizo zimekufa, mwalimu. Robo saa nzima inapita kabla haijawaka, na ikiwaka hata barua haiandikiki." Nikamwomba aniachie moja tu.

Ilikuwa Dell OptiPlex ya mezani, prosesa ya Core 2 Duo, RAM (kumbukumbu ya muda mashine inayofanyia kazi) ya gigabaiti 2, diski ya gigabaiti 160. Tulipofungua bamba la ubavuni tulikuta vumbi jekundu la barabara limeshikamana kwenye feni mpaka mapanga hayaonekani, na mjusi ametaga mayai mawili chini ya diski. Tulilitoa lile vumbi kwa brashi ya rangi, taratibu, feni tumeishika kwa kidole isizunguke. Kisha tukachomeka flashi yenye Linux na kuwasha. Dakika chache baadaye mwalimu wa tehama alikuwa amekaa mbele yake anaandika ratiba ya mitihani.

Katika kitengo chetu cha tehama chuoni tunaletewa mashine za namna hii kila muhula, na nyingi vifaa vyake bado vizima. Zimeelemewa na programu tu. Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inataka RAM ya gigabaiti 4 kwa uchache, nafasi ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kompyuta zilizoletwa kwenye shule na ofisi zetu miaka kumi au kumi na mitano iliyopita hazifiki hapo. Watu wengi basi hubaki na Windows ya wizi aliyowawekea fundi wa mtaani, isiyosasishwa, na kila flashi inayochomekwa inatoka na mafolda yamegeuka njia za mkato. Kirusi hicho nimekiona kikila kazi ya mwanafunzi ya muhula mzima.

Linux ni mfumo endeshi unaofanya kazi ileile ya Windows: kuwasha mashine, kutunza mafaili, kuendesha programu. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na msimbo wake uko wazi. Kwa sababu hiyo makundi mbalimbali duniani hukichukua, yakakifungia pamoja na programu nyingine na kutoa mfumo kamili unaopakuliwa bure. Mmoja wa mifumo hiyo ni Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe Mganda hahitaji kutafsiriwa, kwani ni obuntu, na kwa Kiswahili ni utu.

Kwa kompyuta ya zamani chagua mfumo mwepesi. Kama RAM ni gigabaiti 2 hadi 4, mimi huanza na Linux Mint, toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Menyu iko chini kushoto, kitufe cha kuzima kiko pale unapokitarajia, na mtu aliyezoea Windows 7 hapotei. Lubuntu nayo ni nzuri kwa daraja hilo. RAM ikiwa gigabaiti 1 au chini, nenda kwa antiX. Sura yake haipendezi sana, lakini inabeba mashine ambazo mifumo mingine imezikataa. Angalia pia kama prosesa ni ya biti 64, aina mpya, au 32, aina ya zamani. Core 2 Duo ni ya 64, haina shida. Pentium 4 nyingi na laptopu ndogo za mwanzo za Atom ni za 32, na milango inafungwa: hata Debian, mfumo ambao mingine mingi imejengwa juu yake, toleo lake la 13 la Agosti 2025 halina tena kisakinishi (programu ya kuuweka mfumo kwenye diski) cha biti 32. antiX 23 bado inacho.

Uzuri mkubwa wa Linux kwa mtu mwenye wasiwasi ni kwamba unaijaribu bila kugusa chochote kilichomo kwenye diski. Pakua faili la mfumo, karibu gigabaiti 3 kwa Mint, kisha uliandike kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Kuliburuta tu kwenye flashi kama wimbo hakutoshi, mashine haitawaka nalo. Flashi yenyewe itafutwa yote, basi usitumie ile yenye picha za harusi. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia: mara nyingi F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi. Cheza nao nusu saa. Jaribu waifai, sauti, printa, mwanga wa skrini. Ukizima na kuchomoa flashi, kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

Hapo ndipo nilipokutana na kisa ambacho nakirudia kwenye kila mafunzo. Mwalimu mmoja alinipigia simu jioni: "Linux yenu haina intaneti." Waifai imeshika, lakini kila tovuti inakataa kufunguka, inatoa onyo la usalama. Nikamwuliza saa ya kompyuta inasemaje. Akasoma: Januari 2009. Betri ndogo ya ubao mkuu, ile ya duara kama sarafu iitwayo CR2032, ilikuwa imekwisha, na kila umeme ukikatika mashine inarudi kwenye tarehe ya zamani. Tovuti za leo hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2009 huona cheti hicho hakijaanza kutumika, ikakikataa. Betri ile huuzwa kwenye maduka ya saa. Badilisha betri hiyo kabla ya kulaumu mfumo.

Ukiridhika na ukitaka kuiweka kabisa kwenye kompyuta, sasa nakili mafaili yako yote kwenye diski nyingine. Nasema yote, na uyafungue huko uhakikishe yanasomeka. Kisakinishi kitakuuliza kama kifute diski nzima, na ukikubali hakuna kurudi nyuma. Laptopu iwe imejaa chaji. Ya mezani iwe kwenye UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), ama usubiri saa ambazo umeme wa mtaa wako hauchezi, maana ukikatika katikati utaanza upya. Saa za eneo chagua Kampala. Kazi yote huchukua nusu saa hadi saa moja.

Ukiwa na fedha kidogo ya kuongeza, iweke kwenye SSD, diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka, ya gigabaiti 120 au 240 mahali pa diski ya zamani. Sijaona kitu kingine kinachobadilisha mashine kuukuu kiasi hicho. Baada ya hapo ndipo RAM, na uhakikishe aina yake kwanza, kwani kipande cha DDR2 hakiingii kwenye nafasi ya DDR3.

Kwa shule yenye kompyuta nyingi, bando ndiyo inayouma, hasa tangu kodi ya asilimia 12 iwekwe kwenye data Julai 2021. Pakua mara moja tu. Tengeneza mashine moja ya mfano, weka kila programu inayohitajika, kisha nakili diski yake kwenye nyingine kwa Clonezilla. Masasisho nayo yanaweza kupakuliwa na kompyuta moja na kugawiwa kwa zilizobaki kupitia programu iitwayo apt-cacher-ng. Ile shule ya Arua ilifanya hivyo, na data iliyonunuliwa ilikuwa ya mashine moja.

Kuhusu nyaraka, LibreOffice, programu za bure za ofisi, hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Malalamiko ninayoyapata zaidi ni kwamba barua iliyokaa ukurasa mmoja sasa imemwagikia wa pili. Sababu yake kwa kawaida ni fonti: Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft, hivyo hazimo kwenye Linux. Weka Carlito na Caladea, zilizotengenezwa kwa vipimo vilevile vya herufi, na mistari itarudi mahali pake.

Sitaki mtu aende nyumbani na matumaini ya uongo. Mashine ya RAM ya gigabaiti 2 itafungua kurasa mbili tatu za intaneti, ukifungua kumi itaganda. Video iangalie kwa 360p au 480p. SACCO inayotumia QuickBooks, programu ya uhasibu, ya kwenye kompyuta isihame kabla ya kupanga hesabu zake zitakwenda wapi. Na wanafunzi wa S5 na S6 (miaka miwili ya mwisho ya sekondari) wanaochukua Sub-ICT, somo la tehama, kama mwalimu anawafundisha kwa Microsoft Office na Access, waachiwe kompyuta kadhaa zenye Windows halali kwa mazoezi. LibreOffice ina Base kwa kazi za hifadhidata, lakini vitufe vyake haviko palepale, na chumba cha mtihani si mahali pa kuvitafuta.

Kati ya zile kumi na nne, tatu hazikuamka. Moja ubao mkuu ulikuwa umeungua, mbili kondensa zimevimba na kupasuka vichwa. Tulizitoa RAM, feni na kebo zikawa vipuri vya zilizopona. Diski tulizifuta kabisa kwa programu ya nwipe kabla hazijatoka mlangoni, kwa sababu zilikuwa na majina ya wanafunzi, alama zao na namba za simu za wazazi, na Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019. Kufuta folda na kumwaga pipa la taka hakuondoi data hiyo. Vyuma vilivyobaki vilikwenda kwa mnunuzi, baada ya kumwomba asizichome kebo kutoa shaba, maana moshi wake ungeingia moja kwa moja kwenye bweni la wasichana.

Zile kumi na moja ziko mezani. Ile yenye mayai ya mjusi, mwalimu wa tehama ameifanya ya kwake.