Maine: kituo kimoja cha kura, hesabu mbili

Kazi yangu ni kusoma katiba za majimbo ya Marekani, na jimbo ninaloulizwa sana na Waswahili ni Maine, maana pale Portland na Lewiston kuna Wakongo, Warundi na Wanyarwanda kibao. Swali ni lilelile kila uchaguzi: mbona gavana nachagua mmoja tu, halafu mbunge wa Kongresi naambiwa niwapange wa kwanza, wa pili, wa tatu?

Nianze na nani anapiga, hapo hapana maneno mengi. Uwe raia wa Marekani, miaka 18, mkazi wa Maine, basi. Grini kadi haitoshi, hilo tusibishane. Kujiandikisha unaweza hata siku yenyewe ya kura (bunge la jimbo lilifuta hiyo 2011, wananchi wakairudisha kwa kura mwaka huohuo, bunge likanywea). Mfungwa naye anapiga, ndiyo, yuko ndani na anapiga, kwa majimbo ni Maine na Vermont tu wanaofanya hivyo, na kura yake inahesabiwa kule alikokuwa anaishi kabla ya kufungwa, sio kwenye mji wenye jela.

Kuna kituko kimoja lakini. Katiba bado inasema aliyewekwa chini ya msimamizi wa kisheria kwa ugonjwa wa akili hapigi kura. Mahakama ya shirikisho ilishaitupa hiyo tangu 2001, anapiga kama wengine, ila 2023 wananchi walipoulizwa tuyafute hayo maneno wakasema hapana! Kwa hiyo maneno yapo na hayafanyi kazi, ukisoma katiba peke yake utadanganyika.

Sasa hizo namba za kuwapanga wagombea. 2010 Paul LePage alipata ugavana kwa asilimia 38 hivi, wengine waligawana kura, watu wakakereka, na 2016 wakapitisha kwa kura ya maoni mfumo wa kupanga wagombea: asipopatikana wa zaidi ya nusu, wa mkia anatolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo la pili la wale waliompigia, mpaka mmoja avuke nusu. Ni kama duru ya pili ya Kenya, ila huna haja ya kurudi kituoni, umeshaijibu kwenye karatasi ileile.

Mei 2017 majaji wa mahakama ya juu ya Maine wakatoa ushauri kwamba kwa gavana na wabunge wa jimbo kwenye uchaguzi mkuu hapana, katiba inasema anashinda mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata kama hazifiki nusu. Na hayo maneno kwa upande wa gavana yaliingia 1880 kwa sababu nzito. Zamani ilitakiwa zaidi ya nusu, 1879 hakuna aliyefika, mambo yakaenda bungeni, gavana Garcelon na baraza lake wakatupa matokeo ya baadhi ya miji kwa makosa madogo ya karatasi, watu wenye bunduki wakajaa Augusta, mji mkuu wa jimbo, na ikabidi Joshua Chamberlain, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, asimamie amani na wanamgambo. Kwa hiyo walioondoa sharti la nusu hawakuwa wajinga, walikuwa wameponea chupuchupu.

Ila katiba ya jimbo haikusema hivyo kuhusu Kongresi wala rais, wala kura za mchujo za vyama, huko namba zinatumika tangu 2018, kwa rais tangu 2020. Mwaka huo wa 2018, kwenye kiti kimoja cha Kongresi, Bruce Poliquin aliongoza hesabu ya kwanza, kura zikahamishwa, akashinda Jared Golden. Gavana aliyechaguliwa siku hiyohiyo alihesabiwa kizamani.

Na ukipanga mmoja tu karatasi haiharibiki, ila akitolewa huyo kura yako imeishia hapo. Kuleta namba kwa gavana kunahitaji kubadili katiba yenyewe, theluthi mbili ya kila baraza la bunge pale Augusta halafu kura ya wananchi, na hizo theluthi mbili ndio kasheshe.