Okidi za porini Kanda ya Kati: wakati wa kwenda na mahali pa kuangalia

Wengi wanaoingia hifadhini kutafuta okidi hutoka wakisema hawakuona kitu. Mara nyingi walikwenda kwa kalenda ya likizo badala ya kufuata mvua, au walikuwa wakitafuta ua kubwa la zambarau kama lile la vyunguni madukani. Okidi nyingi za porini ni ndogo, zina rangi ya kijani, nyeupe au njano iliyofifia, na mtu huweza kupita hatua mbili kando yake asizione.

Tuanze na kuitambua. Hesabu vipande vya ua: vitatu vya nje na vitatu vya ndani. Kimoja kati ya vile vya ndani kina umbo lake peke yake: kipana zaidi, au chenye mikunjo, au madoa. Hicho ndicho mdomo, na ndipo mdudu anapotua. Katikati kuna nguzo moja fupi, kwa sababu sehemu ya kiume na ya kike zimeungana. Ukiona nyuzi sita zenye chavua zimesimama mbalimbali, hilo si ua la okidi. Kosa hili hutokea sana kwa lile ua jekundu lenye njano linalotambaa vichakani wakati wa mvua. Ni zuri, ila halihusiani na okidi, na kiazi chake ni sumu kali.

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hazifiki milimita 600 kwa mwaka. Okidi za ardhini hukaa kiangazi chote zikiwa viazi au mashina chini ya udongo, kisha huchipua ardhi inapolowa. Mvua ya kwanza haitoshi. Subiri wiki tatu hadi nne za mvua zinazofuatana ndipo upange safari. Mwaka ambao mvua imechelewa, nawe chelewa. Kwa kawaida kipindi kizuri ni kati ya katikati ya Januari na Machi. Ukame mfupi ukikatiza Februari, nenda kwenye mabonde na kingo za vijito, maana huko unyevu hubaki.

Kwenye vichaka vikavu, angalia chini penye majani manene, magumu, yanayofanana na mkonge pori. Mengi ni mkonge pori kweli. Lakini ukipitisha kidole taratibu ukingoni na kukuta vijimeno vidogo kama vya msumeno, huenda umepata okidi ya jenasi ya Eulophia, aina ya petersii, ambayo shina lake la maua huweza kumpita mtu mzima kwa urefu. Eulophia nyingi hazimpi mdudu utamu wowote: rangi na umbo humdanganya nyuki, akaingia, akatoka na furushi la chavua mgongoni bila kulipwa.

Juu ya miti kuna kazi nyingine. Miti yenye gome la mikwaruzo lisilobanduka, kama miyombo, hushika mbegu na unyevu. Mti unaobandua gome lake kila mara, mkaratusi kwa mfano, huangusha mche kabla haujashika. Okidi ya chui, Ansellia africana, ndiyo rahisi kuanza nayo: fungu kubwa la mashina kama miwa midogo kwenye panda la mti, maua ya njano yenye madoa ya kahawia, na mizizi mingine imesimama kuelekea juu kama sindano. Mizizi hiyo hunasa majani yanayoanguka, yanaoza humo na kuwa mbolea. Fungu lenyewe huonekana vizuri zaidi kiangazi, miti ikiwa imepukutisha majani. Haimnyonyi mti, imepanda tu. Wanaoikata wakidhani wanauokoa mti wanakosea.

Wenye subira watafute Microcoelia. Hii haina majani kabisa. Utaona fundo la mizizi ya rangi ya kijivu kwenye tawi, na mpita njia atadhani ni uchafu ulionasa. Isogelee baada ya mvua: ngozi ya mizizi, ambayo ikiwa kavu imejaa hewa na kuonekana nyeupe, hunywa maji na kuwa angavu, na kijani kilichofichika ndani kinatokeza. Mizizi hiyo ndiyo inayofanya kazi ya majani.

Okidi nyeupe zenye mrija mrefu nyuma ya ua zitembelee jioni. Nyingi hutoa harufu baada ya jua kuzama, maana mgeni wao ni nondo mwenye ulimi mrefu.

Kwa walio Dodoma, misitu ya milima juu ya Mpwapwa na upande wa Rubeho ina unyevu kuliko tambarare. Mlima Hanang, wenye urefu wa takriban mita 3,420, unafikika kupitia Katesh. Anayetaka wingi aende Kitulo, kusini, kwa kupita Iringa, Makambako na Chimala, kisha apande kona nyingi kwenda Matamba. Hifadhi hiyo ya taifa ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya mimea, iko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na ina aina zipatazo 45 za okidi za ardhini. Hata hivyo, tunashauri anayeanza azoee kwanza kutazama karibu na nyumbani, la sivyo Kitulo itamchanganya kwa wingi wake.

Kibali hutegemea eneo: msitu wa serikali kuu uliza TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), pori la akiba TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), hifadhi ya taifa TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), na msitu wa kijiji anzia kwa mtendaji wa kijiji. Kwenye taasisi za serikali malipo hufanyika kwa namba maalumu ya malipo, hivyo usimkabidhi mtu fedha mkononi. Penye tembo au nyati usitembee kwa miguu bila askari. Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi huvuta mbung'o; vaa kaki. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa hunasa hata gari lenye nguvu magurudumu yote, kwa hiyo egesha kwenye ardhi ya kichanga. Kitulo hakuna miti ya kujikinga uwandani, na radi huja alasiri, panda asubuhi.

Picha moja ya mbele haitoshi kuitambua okidi. Piga ya mbele, ya ubavuni ili urefu wa mrija uonekane, ya majani hadi shinani, na ya mmea mzima pamoja na gome au udongo uliopo. Zima kwanza huduma ya mahali kwenye simu: picha ikirushwa mtandaoni na vipimo vya eneo, mwizi wa mimea ameshapewa ramani.

Kuhusu kuchukua, jibu ni hapana, na sababu si sheria pekee, ingawa karibu okidi zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini walio hatarini. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, na huota tu ikikutana na kuvu anayefaa. Aina nyingi za ardhini huendelea kumtegemea kuvu huyo, ndiyo maana zikihamishiwa kwenye chungu hufifia msimu mmoja au miwili kisha hufa. Viazi navyo vina hesabu yake. Okidi za ardhini za jenasi za Disa na Satyrium huwa na viazi viwili: cha zamani, laini na kilichosinyaa, kinacholisha shina la mwaka huu, na kipya, kigumu, cha mwaka ujao. Biashara ya chikanda, yaani viazi vya okidi vya kupikia chakula cha jina hilo, inayovuka kwenda Zambia hutaka kile kigumu. Kikichimbwa, ua la leo linaweza kuendelea kusimama siku kadhaa, lakini msimu ujao mahali pale hapatachipua kitu. Ukikuta mashimo mapya yenye mabua yaliyotupwa kando, usiyafukie. Piga picha na umwarifu askari wa hifadhi siku hiyohiyo.