Kidonda cheusi cha mguu: yanayosemwa na ukweli wake

"Kakanyaga kitu." Huku Mtwara kidole cha mguu kikianza kuwa cheusi, maneno hayo humfikia mgonjwa kabla ya daktari, na wiki zinapotea kwa mganga wakati mguu bado ungeokolewa. Mara nyingi tatizo ni mshipa wa damu ulioziba, hasa kwa wenye kisukari, wavuta sigara na wagonjwa wa figo. Ukiziba mshipa mkubwa, mguu hupoa, mapigo hupotea, na maumivu humwamsha mtu usiku.

"Mapigo yapo, basi damu inafika." Si lazima. Upo ugonjwa nadra uitwao kalisifilaksisi, unaowapata zaidi wanaosafishwa damu kwa mashine. Kalsiamu hujikusanya kwenye vijishipa vya ngozi na mafuta, vikaziba, ngozi ikafa. Utayahisi mapigo kwenye kifundo, huku ngozi ya paja au tumbo inakufa. Huanza na mabaka ya zambarau yaliyosukana kama wavu, khanga ikigusa tu mtu anapiga ukelele. Baadaye huja gaga jeusi. Tafadhali mwaminini mgonjwa huyo. Hadeki, panado haiyawezi maumivu hayo. Hata kipimo cha presha ya kifundo, kinachotazama kama damu inafika mguuni, hudanganya, kwa kuwa mshipa uliokakamaa kwa kalsiamu haubanwi. Ndiyo maana hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu.

"Wakate tu, yaishe." Kwa kalisifilaksisi, kukata hakuondoi chanzo, na jeraha jipya laweza kugoma kupona. Kwanza hurekebishwa kalsiamu na fosfeti (madini mengine ya damu), hutazamwa tezi za parathairoidi, zile ndogo za shingoni zinazoongoza kalsiamu, na wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, huachishwa inapowezekana, kwa amri ya daktari. Tembe za kalsiamu za dukani, zile "za mifupa", mgonjwa wa figo asizinywe kienyeji.

"Akikatwa atakufa." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mguu uliooza, unaotoa maji na harufu, na homa juu yake, hausubiri wajomba wafike kutoka Newala. Maambukizi yakiingia kwenye damu ndiyo yanayoua; hapo kukata kunaokoa maisha.

Kabla ya kutia saini fomu, iwe Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda, ulizeni: ulioziba ni mshipa mkubwa au vijishipa vya ngozi? Unaweza kuzibuliwa? Kuna maambukizi? Mkikata hapo mnapotaka kukata, damu ya kuponyesha jeraha inafika?